Kipimo Kilichokaa Mkono wa Kulia

Mwaka ambao daktari alinikataza kufunga, nilikaa Ramadhani nzima kama mgeni katika mji wangu mwenyewe. Nimesomesha chuo cha Kurani hapa Kibiti tangu ndevu zangu zikiwa nyeusi. Nimewafundisha watoto, kisha watoto wao, masharti ya saumu. Halafu mimi mwenyewe, kwa maradhi ya sukari, nikawa nakunywa uji asubuhi jikoni, mlango nimeurudisha. Sikunung'unika. Mgonjwa amepewa ruhusa na Yule Yule aliyefaradhisha, na ruhusa Yake ni zawadi. Lakini mtu anaweza kupokea zawadi na bado akaitamani kazi aliyosamehewa.

Ndiyo maana, miezi michache kabla ya Ramadhani iliyofuata, binti mmoja mhandisi alipokuja kwetu na begi lake, nilimsikiliza mpaka chai ikapoa. Yeye na wenzake wawili walikuwa na kampuni ndogo, chumba kimoja tu nyuma ya duka la pembejeo karibu na stendi, na walikuwa wamepata ufadhili wa utafiti unaotolewa kwa biashara changa. Walikuwa wakitengeneza kihisi cha sukari: kidude cha duara, upana wa kifungo cha koti, kinachobandikwa juu ya mkono. Chini yake kina uzi mwembamba kama unywele, unaoingia ndani ya ngozi na kupima sukari katika majimaji ya mwili mchana na usiku, kisha habari zinakwenda kwenye simu. Vya namna hiyo vinatoka ng'ambo, alisema, lakini bei yake si ya watu wa huku. Vibali walikuwa navyo, na daktari wangu ndiye aliyekuwa akiwasimamia.

"Maalim, una swali?" akaniuliza.

"Ninayo mengi. La kwanza, maji ya udhu."

"Kinakaa juu ya kiwiko, na hakidhuriki na maji."

"La pili. Huo unywele ukiwa ndani ya nyama, saumu inabaki?"

Akacheka. "Hilo, Maalim, nilitegemea unijibu wewe."

Swali lile lilinipa raha ya siku kadhaa. Nilifungua vitabu vyangu vya fiqhi, nikampigia simu mwalimu mwenzangu wa Ikwiriri, tukakubaliana kwamba uzi ule si chakula wala haufiki tumboni, basi haufunguzi. Binti aliporudi nilikunja kanzu upande wa kulia, nikasema Bismillahi, nikampa mkono. Wenzangu wa safu ya mbele msikitini, nao wenye sukari, walifuata baada yangu, wakatoa mkono wa kulia vilevile. Wakaja pia kina mama wasuka mikeka, ambao walitoa mkono wa kushoto, maana wa kulia ndio wa kazi.

Nilikipenda kidude kile. Nikila muhogo, natazama mstari kwenye simu. Nikila wali wa Rufiji, natazama tena. Nilikuwa nimeishi na maradhi haya miaka mingi bila kuona sura yake, na sasa naiona ikipanda na kushuka kama njia ya vilimani kwetu Umatumbi. Mke wangu alisema nimeoa mke wa pili na anakaa mfukoni.

Furaha ilikatika daktari alipoutazama mstari wangu wa usiku. Karibu kila nilipolala, sukari ilishuka mpaka chini ya alama ya hatari.

"Maalim, kama unashuka hivi ukiwa umeshiba," alisema kwa upole, "ukifunga utatuangukia. Mwaka huu pia, hapana."

Nilisema alhamdulillah, kwa sababu ndilo neno la kusema. Njia nzima ya kurudi nyumbani, nyuma ya bodaboda, nililirudia hilo hilo.

Binti naye hakuwa na raha. Wanaume wa msikitini karibu wote tulikuwa tukishuka usiku; kina mama hawakushuka. Simu, iliyowekwa kulia sukari ikishuka mno, ilipolia na kuniamsha, nilichoma kidole kama nilivyoagizwa, na kipimo cha kawaida kikasema sukari iko sawa. Lakini muda ule kihisi nacho kilikuwa kimeshaanza kupanda. Je, sukari ilishuka kweli ikarudi, au kidude kilidanganya kikajirekebisha? Alidhani ni joto la bati. Akadhani ni chakula cha jioni. Aliniuliza mpaka maji ninayokunywa yanatoka kisima gani.

"Wanaume mnashuka, wanawake hatushuki," alisema mke wangu akimmiminia chai. "Hapo kuna nini cha kutafiti? Hata sukari yenu ni mvivu, ikiona giza inalala."

"Bibi, nisaidie basi," binti alisema. "Usiku anafanyaje? Anahangaika? Anatoka jasho?"

"Nitajuaje, mwanangu? Tangu anioe ananipa mgongo. Mie nikiulizwa sura ya mume wangu akiwa kalala, nitaeleza kisogo."

"Ni sunna ile," nilijitetea. "Wewe ndiye uliyechagua upande wa ukutani."

"Sunna gani, Maalim?"

"Kulala kwa ubavu wa kulia. Ndivyo tulivyofundishwa, na ndivyo nilivyowafundisha wote hawa wa msikitini."

Binti aliweka kikombe chini. Alinitazama begani, kisha akautazama mkeka uliokuwa pembeni.

"Maalim, naomba ulale hapo kidogo. Kama usiku."

"Mchana huu? Sina usingizi."

"Usilale usingizi. Lala tu."

Nikajinyoosha kwa ubavu wa kulia, kiganja chini ya shavu, nikaanza kusoma Yasini taratibu. Yeye aliketi karibu na simu mkononi, na mke wangu akaja kuchungulia juu ya bega lake. Sikuwa nimefika mwisho wa sura niliposikia mke wangu akisema, "Kinashuka! Ona kinavyoshuka!" Binti alinichoma kidole cha mkono wa kushoto palepale nilipolala. Sukari ilikuwa sawa kabisa.

Nikiulalia mkono, nilikuwa nikiyakandamiza majimaji ambayo ule uzi huyasoma; nikiinuka, kidude kinapanda tena. Adabu mbili, ya kutoa kwa mkono wa kulia na ya kulala kwa ubavu wa kulia, zilikuwa zimekutana juu ya kifungo kimoja. Nilicheka mpaka machozi, na binti alicheka huku akiwapigia simu wenzake.

Wanaume sote tukahamishiwa kidude mkono wa kushoto, na usiku ukatulia. Daktari aliutazama mstari mpya siku nyingi kabla ya kuniruhusu kufunga, kwa sharti moja: simu ikilia, nifungue hapo hapo, bila mjadala. Nilikubali. Mwezi ulipoandama, nilinuia saumu kwa sauti kama mtoto anayefunga mara ya kwanza.

Siku za mwanzo zilikwenda salama. Kisha jioni moja, baada ya alasiri, nimeketi na msahafu, simu ikalia. Jambo la kwanza nililofanya ni kuutazama mkono wangu. Natamani ningeweza kusema nilikuwa nimeuegemea. Nilichoma kidole, kipimo cha pili kikatoa ushahidi uleule. Harufu ya samaki wa futari ilikuwa tayari inatoka jikoni.

Mke wangu alitoka na tende na maji. "Hujaulalia?" aliuliza, na safari hii hakuwa na mzaha.

"Sijaulalia."

Mimi ndiye niliyelala mkekani ili kidude kile kifundishwe kusema kweli. Sikuweza sasa kukikataa kwa kuwa kweli yenyewe imenigusa mimi. Nikasema Bismillahi, nikala tende jua likiwa bado juu ya minazi.

Daktari hakuniruhusu tena. Kila siku iliyobaki tulimlisha masikini, kama ilivyoamriwa kwa asiyeweza. Binti alipopita kunijulia hali, nilimwomba anionyeshe mstari wa jioni ile. Akaukuza kwa vidole, akanionyesha shimo nililokuwa nikiingia, na mahali nilipokula tende, na jinsi mstari ulivyogeuka ukaanza kupanda. Niliutazama kwa muda mrefu. Kisha nikamwita mke wangu, nikamwomba uji, nikaunywa mchana uleule, barazani.