Lubugo ya Bibi Ndani ya Kompyuta Yangu

Haya nimekaa nayo mwaka mzima bila kumwambia mtu asiye wa ukoo wetu, na msidhani nayasema leo kwa sababu aibu imeisha, haijaisha, ila nimechoka kusikia watu wa kijijini kwetu Kamachumu wakiyasimulia kwa namna yao na kuongeza moto ambao haukuwaka (moshi ulikuwepo, moto hapana), basi nimeona bora nijiumbue mwenyewe, angalau niumbuke kwa usahihi.

Mimi ni mwalimu wa jiografia, nina miaka thelathini na minne, napanga chumba Kashai pale Bukoba, na ninapenda sana gemu za kompyuta. Tayari naona mmoja wenu ameanza kucheka. Nyumbani hawakujua, walijua tu kwamba Mwalimu ana kompyuta ya kutungia mitihani, na mimi sikuwasahihisha, kwa sababu mtu mzima anayefundisha watoto wa watu ataanzaje kumwambia mjomba wake kwamba Jumamosi nzima alikuwa anafukuzana na magari ya kwenye kioo?

Sasa vyumba vyetu vya Kashai mnavijua, ukuta haufiki kwenye bati, ukipiga chafya huku unaombewa afya kule. Jirani yangu ni Dada Advera, nesi wa zamu za usiku, kwa hiyo analala mchana, na mchana wa likizo ndio wakati wangu mimi wa kucheza. Kompyuta yangu ya kwanza ilikuwa mtumba wa ofisini, na feni yake ikichangamka ilinguruma kama mashine ya kukoboa kahawa. Siku moja Advera aligonga mlango, macho mekundu, kajifunga khanga juu ya nguo ya kulalia, wala hakufoka, aliniuliza polepole tu: "Mwalimu, hicho unachosaga humo ndani kitaisha lini?"

Niliona haya mpaka nikashindwa kumkaribisha. Nikaapa kwamba nitaunda kompyuta nyingine, ya gemu, lakini isiyosikika, na kwa mshahara huu huu wa ualimu.

Rafiki yangu Deus ni fundi wa kompyuta pale mjini, na miezi mitatu kazi yetu ilikuwa kuchagua vifaa kimoja kimoja. Tulichagua prosesa isiyokula umeme mwingi, maana isiyokula umeme haichemki sana, na isiyochemka haihitaji kupepewa kwa nguvu. Tukachagua diski ya kisasa isiyo na kitu kinachozunguka ndani, na feni mbili kubwa badala ya nne ndogo, kwa sababu feni kubwa inazunguka taratibu na kelele zake ni chache. Kadi ya picha tulipata iliyotumika, Deus akaijaribu saa nzima kabla sijatoa hela. Nikataka kubana matumizi kwenye pawasaplai, kile kifaa cha kugawa umeme ndani, akanikatalia, akasema hicho ndicho kifaa kinachochoma nyumba za watu, na nikamsikiliza, nikanunua nzuri. Hapo nilikuwa na akili, naomba mlikumbuke hilo, kwa sababu ni mara ya mwisho kulitaja katika mkasa huu.

Kikabaki kasha. Makasha ya kimyakimya, yale yenye bitana nene ndani ya kumeza sauti, bei yake ilinishinda, nikachukua la bati jembamba linalotetema ukiligusa. Nikamwambia Deus basi tulitie bitana wenyewe, tukate godoro la sponji. Deus akaweka chini bisibisi yake akanitazama. "Sponji inashika moto, Mwalimu. Liache hivyo hivyo, sauti iliyobaki ni ndogo." Na mimi katika sentensi hiyo nilisikia neno sponji peke yake, nikajiambia sawa, si sponji, nitatafuta kitu kingine.

Kitu kingine nilikikuta Kamachumu. Nilikwenda kumsalimia Bibi, mama yake baba, ambaye ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili, na alipotaka kitenge chake cha kwenda kanisani akanituma chumbani nikakitoe sandukuni. Chini kabisa, chini ya vitenge na picha ya ndoa yake, palikuwa na lubugo. Kwa msioijua, ni nguo ya gamba la mti wa mtoma, gamba linapondwa kwa nyundo ya mti mpaka linakuwa laini na pana kama blanketi, rangi yake ya kahawia. Niliipapasa. Ilikuwa nene, ilikuwa laini, na (Mungu anisamehe) kitu cha kwanza kilichonijia kichwani ni kwamba ingefaa sana kumeza sauti.

Msinitetee kwamba sikujua. Mtoto wa Kihaya gani asiyejua kwamba wazee wetu huvalishwa lubugo wanapozikwa? Nilijua, ila nilijitengenezea maneno, kwamba hayo ni ya zamani, kwamba Bibi ni mtu wa kanisa na wa chama cha akina mama, kwamba siku hizi majeneza yana satini ndani, kwamba hii imesahauliwa humu na itakuja kuliwa na panya. Kulikuwa na swali moja tu la kuuliza, "Bibi, hii ni ya nini?", maneno matano, na sikuuliza, kwa sababu mtu huuliza pale anapokuwa tayari kunyimwa. Nikaikunja nikaitia chini ya begi langu. Bibi mwenyewe, kwa mikono yake, akaja akaniwekea ndizi juu yake, na kahawa za kutafuna nimpelekee Deus, akanisindikiza mpaka barabarani akinishukuru kwa kuja.

Kashai nikaikata kwa mkasi wa kukatia karatasi za ramani. Nikachora duara kwa kufuatisha mfuniko wa sufuria, mahali pa feni, nikalitoboa. Kwenye pembe moja palikuwa na mshono wa uzi mwekundu, alama ndogo ya msalaba, nikaupasua katikati kwa sababu ulikaa pabaya. Nikagandisha vipande kwa gundi pande zote, mpaka kwenye matundu ya kupumulia yaliyokuwa yakivujisha sauti. Kompyuta ikanyamaza kabisa. Nilicheza wiki nzima na Advera alilala, akanikuta bombani akaniambia siku hizi nimeacha kusaga, Mungu anibariki, na mimi nikaipokea baraka hiyo. Lilikuwa linapata joto kidogo lile kasha, nililigusa nikahisi, lakini ninajua kujifanya sijahisi.

Ingeishia hapo ningekuwa mwizi wa siri tu. Lakini Bibi alitimiza miaka themanini na mitano, ukoo ukaandaa misa ya shukrani, na kwenye kundi letu la simu mtu akauliza picha za zamani tutazionyeshaje. Nani alimtuma Mwalimu kujibu? Niliandika kwamba nitakuja na kompyuta yangu, niliyoiunda kwa mikono yangu, kwa ajili ya kazi za shule, "na haina hata sauti, mtaona wenyewe." Nikatumiwa vidole gumba vya pongezi kama thelathini, nikavimba kichwa.

Siku yenyewe baada ya misa tulikaa chini ya turubai uani kwa Bibi, jua la mchana limelichoma turubai, joto hilo. Baba Mdogo Ishengoma, mdogo wake baba, alileta televisheni yake kubwa, na kompyuta nikaiweka kwenye meza iliyofunikwa kitambaa cheupe, karibu kabisa na kiti cha Bibi, ili aone vizuri. Picha zikaanza kupita, watu wakicheka nywele za shangazi zetu, Bibi akitaja majina. Ilipofika picha ya Babu amesimama kwenye mibuni, wote walinyamaza, na katika kimya hicho Padre akasema kwa mshangao kwamba mashine hii haisikiki kabisa. Nikachukua kipaza sauti. Nikasema, "Siri yake ni ya fundi, Padre." Watu wakapiga makofi. Naomba mnielewe, nilisema hivyo kwenye kipaza sauti.

Bibi ndiye aliyeinua pua wa kwanza. Akasema kuna kitu kinaungua, watu wakageukia jikoni, na wapishi wakajibu kwamba kwao hakuna kinachoungua. Moshi ukatoka nyuma ya kompyuta, mwembamba, wa kahawia, unanuka kama gamba bichi lililotupwa kwenye majivu, televisheni ikazimika na uso wa Babu ukapotea. Baba Mdogo akachomoa waya ukutani. Mimi nikaikumbatia ile kompyuta kwa mikono miwili nikisema isifunguliwe, nitaifungua mwenyewe Bukoba, na yeye akadhani naogopa isimrushe mtu kwa umeme, akanisogeza kwa upole, akazungusha zile skrubu za kufungua kwa mkono (nilizichagua mwenyewe, nilizisifia), akatoa ubavu wa kasha.

Akavuta kipande, gundi ikaachia, akakikung'uta, akakiinua juu kila mtu akione, wala hakuwa na nia mbaya. "Mbona hii ni lubugo?"

Pale uani palikuwa na watu kama mia, na wa nyuma walisimama juu ya viti ili waone. Bibi alinyoosha mkono, akapewa. Akakipekua mpaka akakuta nusu ya msalaba wa uzi mwekundu, akaomba na vingine, akavipanga magotini kimoja kimoja, na nusu ya pili ya msalaba ikatokea. Hakunitazama. Aliingiza ngumi yake kwenye duara na kuigeuzageuza.

"Na hili tundu ni la nini?"

"La feni, Bibi."

"Feni," akasema, kama mtu anayeambiwa jina la mgeni.

Halafu akaeleza, na alimweleza Padre, si mimi, kwamba mume wake alipoanza kuumwa alikata gamba la mtoma ulio nyuma ya nyumba akaponda lubugo mbili, moja akaenda nayo yeye, na hii akampima mabegani kwa mkono wake, akamwambia uje nayo ili nikujue. Msalaba ule aliushona Bibi mwenyewe juma lile lile walipomzika Babu. Nilianza kulia pale pale mbele ya wanafunzi wangu wawili wa zamani, nikasema nitamtafutia nyingine, hata kama ni kuvuka mpaka kwenda Uganda nitaipata.

"Ataiponda nani, waitu, mjukuu wangu?" akaniuliza. "Yeye?"

Akaagiza sindano na uzi. Nilidhani atashona mwenyewe, kumbe ni mimi, na alasiri yote, mbele ya wageni wanaokula na kuaga, mwalimu wa jiografia alikaa kwenye mkeka miguuni pa bibi yake akiunganisha vipande vyenye kingo zilizoungua, naye akinionyesha kwa kidole pa kupitisha sindano, na nikikosea ananiambia fumua. Wageni waliokuja kuaga walinipita kama wanavyompita mtu aliyefiwa. Duara la katikati sikuwa nalo, lilikwenda na takataka za Kashai. Shangazi akasema tuzibe kwa kipande cha kitenge, Bibi akakataa.

Akaikunja, akailaza mapajani. "Nitakwenda nayo hivi hivi," akaniambia, na sasa ndipo aliponitazama. "Babu yako akiniuliza tundu hili ametoboa nani, nitakutaja jina. Nitamwambia na la feni."

Deus aliirekebisha kompyuta, ni kadi ya picha tu iliyokufa, akaniambia ilikosa hewa, na alipojua ilikosa hewa kwa sababu gani hakunitoza chochote, jambo ambalo liliniuma kuliko kutozwa. Sasa haina bitana, bati linatetema, na Advera amekwisha kuja kugonga mara mbili. Nyumbani nimepewa jina, msiniulize ni lipi. Nimeapa sitafungua tena sanduku la mtu, hata nikitumwa, naomba anitolee mwenye sanduku.

Bibi yupo, mzima, anapalilia migomba yake. Nampigia kila Jumapili, na akikohoa tu kwenye simu mimi nakaa kitako. Ninamwombea umri mrefu kila siku, kwa kuwa nampenda, ndiyo, lakini nisiwadanganye na ninyi, ninamwombea pia kwa sababu siko tayari Babu aambiwe.