Tumetoana damu kwa alama moja ya kompyuta

Leo nimempiga mtu ngumi ya pua. Kisa? Alama ya "<".

Ilikuwa inameza maneno kwenye maelezo ya programu yetu ya kupimia kahawa. Nikamwambia Audax, mwenzangu wa kazi, airekebishe kwenye maelezo tu.

Kabadilisha kila mahali, hata kwenye kodi inayoendesha programu! Programu nzima imekufa, wakulima wa Izigo wako kwenye mzani wanatutukana.

Nikamtandika. Naye akanipasua mdomo kwa kibodi.

Tuko kwao, Kitendaguro. Mama yake akaingia, akaona damu, akatuwekea kahawa ya kutafuna. Kwa mila zetu, hapo hata kama unataka kuua, unakaa, unatafuna.

"Mnagombania mwanamke?"

Nani angeanza kumweleza? Tukaitikia wote, "Ndiyo, mama."

Sasa anataka jina la binti, akaongee na wazazi wake.

Nipeni jina. Haraka!