Shibolethi ya Likoni: babu mkuu alivyozuiwa getini kwa ajili ya mchele

Salaam wakuu. Leo nimechoka, sina hata nguvu ya kuwadanganya. Yote haya ni kweli, wallahi.

Ijumaa mwalimu wa Kiswahili aliuliza shibolethi ni nini. Nikajibu ni straika mpya kutoka Senegali.

Darasa likacheka. Mwalimu hakucheka. Adhabu: nitafute maana na asili ya neno hilo, nisome mbele ya paredi Jumatatu.

Maana nimeipata. Ni neno la Kiebrania, suke la nafaka. Zamani watu wa Gileadi walilinda vivuko vya mto Yordani. Ukitaka kuvuka unaambiwa useme "shibolethi". Maadui zao walishindwa na hiyo sh, wakasema "sibolethi", wakauawa papo hapo. Tangu hapo likawa jina la neno la siri, hata la kaulimbiu ya kikundi.

Nilikuwa namsomea babu mkuu, baba wa babu yangu, hapa nyumbani Likoni. Ana karibu miaka mia, mara nyingi tunadhani amelala.

Akafungua macho. "Mimi pia niliambiwa niseme."

Miaka ya arobaini, wakati wa vita, alikuwa mpishi kwenye kambi ya askari huku huku Likoni. Kila asubuhi getini unatoa neno la siku. Siku hiyo lilikuwa "mchele".

Sasa wakuu, Mswahili wa zamani wa Mvita, huku kwetu Mombasa, hasemi mchele. Kwake ni mtele.

Askari wa zamu alikuwa mgeni, mtu wa bara.

"Neno?"

"Mtele."

"Sema vizuri."

"Si ndio huo mtele, bwana. Huo ninaokupikia kila siku."

Bunduki ikaja kifuani. Kadiri alivyoogopa ndivyo ulimi ulivyong'ang'ania mtele. Akakalishwa juani kama jasusi mpaka adhuhuri, ofisa alipotoka kuuliza mbona jikoni hakuna moto.

(Mimi hapo nilicheka. Yeye alingoja nimalize.)

Alirudi nyumbani akajifunza "mchele" peke yake, mpaka ukamkaa mdomoni. Wanawe akawalea nao. Babu husema mchele, baba mchele. Mimi mtele nimeusikia juzi tu.

Nikamwambia mzee, "Babu, Jumatatu nitasema mtele mbele ya shule nzima."

"Sema mchele, mwanangu. Watakuzuia."

Akafumba macho.

Nilichojifunza: geti lile lilishang'olewa, lakini mzee bado amesimama mbele yake, na hapa ndipo kwao.

Jumatatu ni kesho, sijaamua. Kwenu wazee waliacha neno gani? Liandikeni hapa, nitasoma kwenye feri nikivuka kwenda shule.