Bibi Alivyomzibia Mkwewe Njia

Mwezi uliopita nilirudi kijijini kwetu, nje kidogo ya Lagangabilili, nikakuta lambo limezungushiwa waya na lango lina kufuli. Nilibaki mdomo wazi. Si kwamba sikuwahi kuliona limefungwa, rafiki yangu. Nililiona nikiwa mtoto, na siku lilipofunguliwa ndiyo siku niliyoshtuka kuliko zote maishani mwangu.

Wakati huo mwenyekiti wa kijiji aliamua, yeye na tumbo lake, kwamba maji yale ni ya ng'ombe wake. Akazungusha miiba, akatoa amri: atakayechota, ndani. Akaweka mgambo walinde. Wote walikuwa wameoa pale pale kijijini, na hapo ndipo alipokosea.

Kwetu mkwe ni moto. Mume wa mama yangu mdogo, mmoja wa mgambo hao, alipotokea nyumbani, bibi aliacha sufuria ya michembe, vile viazi vikavu, ikiungulia mekoni, akajificha nyuma ya ghala, kanga usoni, mpaka mgeni aondoke. Kukutana naye macho kulikuwa aibu. Kugusana naye kulikuwa balaa la ukoo mzima.

Sasa fikiria asubuhi ile. Bibi kajitwika ndoo tupu, jembe mkononi, akina mama wa kijiji nyuma yake, nami nimeng'ang'ania kanga yake. Akaivuta miiba kwa jembe, akachota, akarudi langoni waliposimama mgambo na kuketi katikati ya njia, miguu kainyoosha. Mbele ya mkwewe! Nilidhani bibi yangu karogwa.

"Nimechota," alisema, macho chini. "Nikamateni."

Wenzake wakachota, wakaketi naye, kila mmoja mbele ya mkwewe. Mwenyekiti akaja anafoka, "Kamata hao! Mnangoja nini?"

Mume wa mama mdogo alikuwa keshageukia miiba, jasho linamtiririka. "Mwenyekiti, yule ni mama mkwe. Nitamshikaje?"

Akalaza rungu chini taratibu, akaenda zake. Wenzake wakafuata. Hakuna aliyetukana wala kurusha jiwe. Jioni ng'ombe wa kila boma walikunywa, na ile miiba tukaipikia ugali wa mtama. Bibi hakuugusa. Aliketi kando, akisema aibu aliyoibeba ni nzito kuliko ndoo.

Bibi hayupo sasa. Wakwe wa siku hizi wanakula sahani moja na mama wakwe zao huku wakitazama runinga, na sisemi ni vibaya. Lakini pale langoni moyo uliniuma. Wanawake walisimama na madumu matupu, na mlinzi alikuwa kijana mpole aliyeletwa kutoka mbali.

"Shikamoo, mama," aliniamkia. "Hairuhusiwi kuingia."

"Marahaba. Umeoa wapi, mwanangu?"

Akacheka, akazungusha funguo kidoleni. "Bado sijaoa, mama."