Siku Mama Alipolisomea Kanisa Ujumbe wa Baa

Kisa hiki nimekikalia muda mrefu kwa sababu kila nikikikumbuka masikio yanapata moto, lakini Kisauni nzima wameshakisimulia kwa namna zao (kuna mmoja anaapa kwamba mbuzi waliletwa kanisani wakiwa hai, uongo mtupu), kwa hiyo naona heri nikisimulie mwenyewe, maana aibu ni yangu na anayeijua vizuri ni mimi.

Naitwa Sidi, nakaa Bombolulu na mama yangu, na kazi yangu ni kutengeneza tovuti. Usifikirie kampuni, ni mimi na kompyuta yangu na meza ambayo saa za kula lazima niipishe. Wakati huo nilipata kazi mbili zilizofuatana. Ya kwanza ilikuwa ya Bwana Mutua, mwenye baa ya nyama choma kule Changamwe, upande wa uwanja wa ndege, ambaye wateja wake ni watu wa bandari na wa malori na hawapendi kungoja. Alitaka mtu aweze kuagiza mbuzi na kulipa akiwa bado kazini, akifika akute nyama iko tayari. Nikamwekea malipo ya benki.

Yanavyokwenda ni hivi (nivumilieni kidogo, mkasa wote umejificha hapa): unabonyeza "Lipa", unachagua benki yako, tovuti inakupeleka mpaka kwenye ukurasa wa benki yenyewe, unaingia kwa nambari zako za siri, unakubali, kisha benki inakurudisha ulikotoka. Sasa benki haijui ulikotoka. Aliyetengeneza tovuti ndiye anayeiandikia anwani mbili, kwamba huyu akilipa mrudishe hapa, na akighairi mrudishe pale. Kwa Mutua, aliyelipa alirudishwa kwenye ukurasa wa asante, na papo hapo simu ya mpishi ililia ikimpa jina la mteja na kiasi alicholipa, naye akatia nyama motoni.

Mama nilimwambia nafanyia kazi hoteli moja ya Changamwe. Chakula si kilikuwepo? Sikuona kama ni uongo, niliona ni ukweli uliopunguzwa kidogo kwa ajili ya amani ya nyumba. Mama yangu ni mtu wa Kaloleni, mwenyekiti wa akina mama kanisani kwetu, na kwa sababu za nyumba yetu ambazo sitazieleza hapa, hataki kuona hata chupa tupu ya bia ikiwa imetupwa uani kwa jirani.

Kazi ya pili ilikuwa ya kanisa lenyewe. Ukumbi tunamosalia ni wa kupanga, mwenye ukumbi alitaka kuugeuza bohari, na wazee wakawa wamepata kiwanja Utange, ikabaki harambee. Mchungaji alitaka watu watoe moja kwa moja kwenye akaunti ya kanisa, waliopo na walio mbali, pasiwe na hela inayopitia simu ya mtu (simu ya mtu ilishaleta maneno, tuyaache). Wazee wakasema atafutwe fundi wa mjini. Mama akasimama kikaoni, na hili nimeambiwa na zaidi ya mtu mmoja, akasema yeye si mtu wa kuomba, lakini mwanawe ataifanya kazi hiyo, na likiharibika lolote waje wamuulize yeye.

Basi mimi nikaichukua kazi ya Mutua nikainakili yote kama ilivyo. Nikabadilisha rangi, nikabadilisha akaunti ya kupokelea, nikaondoa picha ya mguu wa mbuzi nikaweka picha ya kiwanja, anwani ya anayeghairi nikaibadilisha. Ya anayelipa nadhani nilikuwa naiendea ndipo stima ikapotea, na iliporudi nikaendelea na jambo jingine nikiwa na hakika kabisa kwamba nimemaliza. Jumamosi nikaketi kuijaribu. Nikafika mpaka ukurasa wa benki, pamebaki kukubali tu, kiwango cha chini ni shilingi hamsini, nikaona ya nini kujikata mfuko mwenyewe, nikaghairi. Nikarudishwa kanisani vizuri, picha ya kiwanja ile pale. Nikajiambia kama kughairi kunafanya kazi, kulipa kutashindwaje? Shilingi hamsini jamani, na isitoshe zingekuwa sadaka.

Na wazo la kusoma pia lilikuwa langu. Mnajua harambee zetu, mtoaji lazima asikike. Bahasha ina raha yake kwa sababu jina lako linatajwa, watu wanapiga makofi, kina mama wanapiga vigelegele, hata aliyepanga kutoa mia anajikuta ametoa elfu. Kutoa kwa simu hakuna kelele, na watu hawapendi kutoa kimya. Kwa hiyo nikaandika maneno mazuri ya shukrani na baraka ya kumtokea mtu akishalipa, nikamshauri Mzee Mwakio, mweka hazina wetu, kwamba kila anayetoa aje mbele ausome ujumbe wake kwa kipaza sauti. Mzee Mwakio akasema tangu lini vijana wakawa na akili namna hii.

Jumapili ukumbi ukajaa. Mpiga kinanda hakuja, kwa hiyo simu yangu ikaunganishwa na spika za kanisa ili kwaya ipate muziki wa kuimbia, na mimi nikasimama kando karibu na spika nikijiona mtu wa maana. Mzee Mwakio akaeleza namna ya kutoa, kisha akasema ni haki mwenyekiti wa akina mama afungue. Mama akabonyeza (benchi zima wakimsaidia), akakubali, na bila kuangalia kilichomrudia akainuka na simu yake kuelekea mbele, huku nyuma yake watu wengi nao wameshika simu wanatoa, maana hakuna aliyetaka kuwa wa mwisho.

Akavaa miwani. Mama yangu husoma kitu chochote kwa sauti ileile anayosomea Maandiko, polepole, kila nukta anapumzika.

"Asante, Mama Sidi, kwa kutuchagua," akasoma. Makofi. "Malipo yako tumeyapokea." Vigelegele. "Mbuzi wako yuko motoni."

Waliokaa nyuma wakaitikia amina, na mimi siwalaumu, mbuzi na moto si maneno mageni kanisani. Mimi niliacha kupiga makofi, kwa sababu maneno yale niliyaandika mwenyewe na nilikumbuka kinachofuata.

"Ukifika, mwonyeshe mhudumu wa kaunta ujumbe huu, upewe bia ya kwanza bure."

Hapo amina haikuja. Na mama, ambaye hajawahi kuacha kitu katikati, akamalizia kwamba karibu tena na uje na marafiki. Kisha akaiangalia simu, akavua miwani, akaniangalia mimi.

Waliokuwa wamelipa nao wakaziangalia simu zao, kila mmoja ana mbuzi wake motoni na bia yake kaunta. Manung'uniko yakaanza benchi la mbele yakatembea mpaka mlangoni, kwamba pesa za kiwanja zimekwenda baa. Mama mmoja akaanza kulia, alikuwa ametoa fedha za mwanawe aliye Arabuni. Mzee Mwakio angeweza kuumaliza wasiwasi ule mara moja, kwa sababu ujumbe wa benki huingia kwenye simu yake, ila ni ile simu ya pili, na simu ya pili alikuwa ameiacha nyumbani Utange inachaji. Akatumwa mtu wa bodaboda. Mimi nikaitwa mbele nijieleze.

Nitasema ukweli wangu wote. Pale nilipokuwa naelekea kwenye kipaza sauti nilikuwa nimeshaamua kuisingizia benki. Ningesema mitambo ya benki imechanganyikiwa, imewapeleka watu kwenye tovuti ya watu wengine nisiowajua, Jumapili benki imefungwa, tuombe tu. Maneno nilikuwa nimeyapanga vizuri, na nadhani yangekubalika. Nikafungua kinywa, na simu yangu ikalia ndani ya spika zote za kanisa. Nikaikimbilia niikate, nikabonyeza pasipo penyewe, na sauti ya Mutua ikajaa ukumbini.

"Sidi, niaje. Hiyo kitu ulitutengenezea iko sawa sana. Oda zimeingia kama mvua, mpaka nimeongeza mbuzi wengine kwa moto. Lakini hawa watu wako wapi? Hata kuna Mama Sidi hapa amelipia karibu mbuzi mzima. Kwani ni mama yako?"

Nikamwambia kwa kunong'ona kwamba nitampigia baadaye, na kunong'ona kwenyewe kukatoka kwenye spika.

Hakukuwa tena na benki ya kusingizia. Nikaeleza kila kitu, kwamba pesa zao ziko kwenye akaunti ya kanisa na kilichokosewa ni ukurasa wa kurudia tu, kwamba niliinakili kazi ya baa nikasahau anwani moja. Sijui ni wangapi waliosikia habari ya anwani. Neno walilolisikia wote ni baa. Mchungaji wetu ni mtu mpole, hakunigombeza hata kidogo, na upole ule ulinitisha zaidi. Aligeuka akamtazama mama, ambaye alikuwa bado amesimama palepale na simu mkononi.

"Mama Sidi," akasema, "hii kazi ya baa, wewe ulikuwa unaijua?"

Nilitaka kujibu mimi. Nilitaka kusema hapana, mama hajui lolote, nilimwambia ni hoteli. Lakini mama alinitangulia.

"Naijua, mchungaji. Aliniuliza, nikamwambia afanye."

Alisema hivyo bila kuniangalia. Na mimi, ambaye nilikuwa na nafasi ya kumkanusha, nikanyamaza. Angesema hajui, mimi ndiye ningebaki mbele ya kanisa kuwa mtoto anayemdanganya mama yake, na yeye angeketi na heshima yake imetimia. Alichagua awe yeye mwenyekiti aliyekubali bintiye ale kwa pesa za bia. Niliona haya kiasi kwamba nilishindwa hata kulia.

Mtu wa bodaboda akarudi na simu, Mzee Mwakio akasoma ujumbe mmoja baada ya mwingine, pesa zote zipo, hata shilingi haikupotea. Watu wakapiga makofi ya kupumua tu, yasiyo na vigelegele. Nikajikunja nyuma ya spika na kompyuta nikaibadilisha ile anwani, kazi iliyochukua muda mfupi kuliko ubeti mmoja wa kwaya, na safari hii nikalipa mwenyewe kwanza kabla ya mtu mwingine yeyote kugusa simu. Harambee ikaendelea, lakini hakuna aliyekubali kuja mbele kusoma.

Mutua naye nilimpigia nikamweleza, akacheka mpaka akakohoa, kisha akakumbuka kwamba nyama ile haikulipiwa na mtu akaacha kucheka. Wateja wa Jumapili wakamnunulia nyingi, iliyobaki akaikata kwenye malipo yangu (alikuwa na haki), nami kesho yake nikabeba nyama baridi mpaka Bombolulu. Majirani waliisifu. Mama hakuigusa.

Siku chache baadaye wazee walimwita mama, wakamwomba apumzike uongozi mpaka maneno yapoe. Hakubishana nao. Aliwakabidhi funguo za kabati la vyombo vya akina mama, akawauliza nani atasimamia chai ya Jumapili, akarudi nyumbani. Maneno yamechukua muda mrefu kupoa. Kiwanja kimenunuliwa, msingi umechimbwa, na mwenyekiti ni mwingine.

Watu wa kazi yangu nikiwasimulia hunipa ushauri mwingi, na wote ni wa kweli. Jaribu kulipa, si kughairi tu. Usiamini kwamba mtu aliyefika ukurasa wa asante amelipa, iulize benki yenyewe. Usinakili kazi ya mtu mmoja kwenda kwa mwingine bila kuipitia mstari kwa mstari. Nimeyashika yote, na tovuti haitoki mikononi mwangu siku hizi kabla sijatoa hela yangu mwenyewe kupitia humo.

Lakini jioni ile ya Jumapili tulitembea kutoka kanisani mpaka nyumbani, mama mbele mimi nyuma, nikingoja anigombeze ili nami nipate kuomba radhi. Tulipofika mlangoni akasimama, ufunguo mkononi.

"Sidi."

"Abee, mama."

"Mimi nimesimama mbele ya madhabahu miaka yote hii, na uongo nimeusema leo," akasema. "Usinifikishe hapo tena."

Nikamwambia sitamfikisha. Akafungua mlango, akaingia kubandika chai.