Gobore Lililokataa Kulia

Nilikuwa na miaka miwili ya ndoa pale Misima, wakati wa Mwingereza, gobore la mume wangu lilipokataa kulia. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba, na nguruwe mwitu walikuja kujilia kama shamba la baba yao. Alfajiri tatu mfululizo mume wangu aliwavizia, akalenga, akavuta. Nyundo iliipiga fataki ya kuwashia baruti, fataki ikalia tak! Baruti ndani ya mtutu ikanyamaza. Nguruwe wakaondoka bila hata kukimbia.

Hakukaa bure. Fataki alizianika juani. Baruti ya zamani aliichokonoa yote, akashindilia nyingine kavu. Wapi! Siku ya tatu kaka yake, ambaye hakuwahi kunipenda kwa kuwa nimetoka Korogwe, kambini kwa watu wa mkonge, alisema mbele yangu, "Bunduki haigomi bure, mdogo wangu. Muulize mkeo anakwenda wapi ukiwa shambani."

Hilo watu wa pale walilishika sana: mume akiwa mawindoni, mkewe akatembea na mwingine, bunduki hailii. Mume wangu hakunitetea. Alitazama chini, akasema usiku huo nitalala kwa mama yake, nilindwe. Gobore likikataa tena kesho, nirudi kwetu.

Hasira zilinipanda. Sikuweza kukaa wala kusimama. Nilifagia ua uliokwisha fagiwa, nikateka maji na mitungi imejaa. Mimi nilijua sijatoka. Tena baada ya masika nilimwona mume wangu mwenyewe akilipaka gobore mafuta ya nyonyo lisishike kutu, akiyamimina bila huruma, kisha akalisimamisha pembeni mdomo juu. Mafuta yale yalikwenda wapi kama si chini? Baba yangu alikuwa mpishi wa bwana mmoja wa mkonge, na mimi ndiye niliyekuwa nikizibua jiko lake la mafuta ya taa kwa sindano. Kitundu kikiziba, moto haupiti. Lakini ningemwambia nani, na nilikwisha kuwa malaya?

Ilikuwa Ijumaa. Wanaume walipokwenda msikitini nikaingia ndani na sindano ya kushonea. Mwanamke kugusa bunduki ulikuwa mwiko, na ile ilikuwa imeshindiliwa. Nashukuru fataki haikuwapo juu yake. Niligeuzia mdomo wake dirishani, nikaingiza sindano kwenye kitundu kilicho chini ya nyundo, pale fataki inapokaa na moto wake kupitia kwenda kwenye baruti. Ikatoka na uchafu mweusi unaonata. Nikachokoa, nikafuta, nikachokoa, mpaka sindano ikatoka kavu. Nikadondoshea humo chembe chache za baruti kutoka kwenye pembe ambayo mume wangu huiwekea baruti. Nikalirudisha gobore pembeni kama nilivyolikuta.

Alfajiri, nikiwa kwa mama mkwe sijapata usingizi, gobore likalia. Mama mkwe akapiga vigelegele, nami nikalia kwa furaha. Lilianguka dume kubwa la nguruwe, likaachiwa mbwa, maana pale hapakuwa na wa kulila.

Mume wangu aliporudi nilimkimbilia uani nikicheka. Yeye hakucheka.

"Limelia," alisema. "Usiku mmoja tu umelindwa, na limelia. Haya, niambie. Siku tatu zile ulikuwa na nani?"