Kopo la Sardini Dirishani

Karani wa bandari ya Kalundu alipenda kutangaza ofisini, kwa sauti ya puani, kwamba majani ni chakula cha mbuzi. Kila adhuhuri vidole vyake vyenye wino viliweka kopo la sardini mezani, karibu na dirisha, ili wapita njia waone mstaarabu anakula nini. Sardini zenyewe ziliisha zamani. Ndani ya kopo mlikuwa na lengalenga, mboga aliyoichuma mwenyewe alfajiri nyuma ya nyumba, ikapikwa kwa mawese na nyanya mbivu. Kila alipotia uma alijicheka kimoyomoyo: muntu muzima na tai yake shingoni, anakula mboga kama ameiiba!

Siku moja Révérien, karani mwenzake, aliingia bila hodi, akaketi, akalivuta kopo. Karani alichelewa kulizuia. Kesho ofisi nzima ingemcheka. Révérien akaonja, akatafuna polepole, akarudia, hata akapangusa kopo kwa tonge la bugali.

“Sardini za kwako ziko tamu,” akasema hatimaye. “Za kwangu, bibi anazitiaka biringanya.”